Makofi Juu ya Bati

Jumanne ya pili ya mwezi wa tano, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, Rosalia alikuwa amekaa kwenye kigoda uani kwake Marui, anatikisa kibuyu cha maziwa ili apate siagi, aliposikia makofi juu ya bati la nyumba yake. Yalikuwa matatu ya haraka na la nne zito. Akaacha kutikisa, akatazama juu. Mvua hakuna, kunguru hakuna, na mkorosho wa karibu ulikuwa hatua thelathini kutoka pale. Ndama wawili waliofungwa kivulini hawakuinua hata vichwa. Rosalia akaendelea na kibuyu chake, kwa sababu siagi ukiiachia njiani inakuchosha mara mbili.

Saa nne na robo yakaja tena, matatu na moja. Mpaka adhuhuri yalikuwa yamepigwa mara tano.

Jioni mumewe, Mashauri, aliporudi na ng'ombe, Rosalia alimweleza.  Mashauri alichukua nyundo na misumari, akapanda juu, akapigilia kila mahali palipoonekana kulegea, akateremka kukiwa na giza. Akasema bati halina tatizo. Kesho yake makofi yakapigwa mara tatu, na misumari mipya ikawa inalia kidogo baada ya kila kofi. Hayo ndiyo mabadiliko pekee yaliyoletwa na ile kazi.

Kusema kweli makofi yenyewe hayakuwa na fujo. Yalikuja siku za shule tu, saa za vipindi tu. Jumamosi na Jumapili bati lilikuwa kimya, sikukuu pia. Mtu mwenye akili ya haraka angekwishaelewa hapo. Rosalia alikuwa na akili ya haraka, ila alikuwa na ng'ombe tisa wa kukamua.

Mtoto wake wa kwanza, Devotha, alikuwa darasa la saba katika shule ya msingi iliyo nyuma ya ghala la korosho. Familia ilikuwa imefika Marui miaka minane nyuma, ikitokea Shinyanga na ng'ombe wake, na bado iliitwa watu wa kuja. Hakuna aliyelisema hilo kwa ubaya. Lilisemwa kama jina la ukoo.

Darasa la saba lilifundishwa na Mwalimu Abednego, mtu mpole, mwenye mashati mawili yaliyonyooshwa vizuri na utaratibu wa kila kitu. Kwa utaratibu wake kila dawati lilikaliwa na mvulana mmoja na msichana mmoja. Kwa utaratibu wake kila kikundi cha majadiliano kilikuwa na mwenyekiti na katibu. Mwenyekiti alisimama kueleza, katibu aliandika. Wenyeviti wote saba walikuwa wavulana na makatibu wote saba walikuwa wasichana, na wala hakuna aliyewahi kuamuru iwe hivyo. Ukimuuliza mwalimu, angekwambia wasichana wana mwandiko mzuri. Ni kweli walikuwa nao, maana ndio walioandika tangu darasa la tatu huku wenzao wakieleza.

Devotha alikaa dawati la mbele na Yassin. Yassin alikuwa mjukuu wa mzee Kondo, na mzee Kondo ndiye aliyetoa kiwanja cha shule. Jina lake lilikuwa limechorwa kwenye saruji pembeni mwa mlango wa ofisi. Mwalimu Abednego naye alikuwa amepanga chumba kwa mzee Kondo. Kwa hiyo swali la kwanza la kila kipindi lilianzia dawati la mbele. Haikuwa rushwa. Ilikuwa heshima, ambayo haina stakabadhi na kwa hiyo haichunguzwi.

Zamani, darasa la tatu, Devotha aliwahi kusimama akajibu swali kuhusu mito. Jibu lilikuwa sahihi. Lakini aliyavuta maneno kwa namna ya kwao, na darasa lilicheka, na mwalimu wa wakati ule akacheka kidogo pia, akamwambia akae. Makofi hakupigiwa, kwa sababu watu walikuwa wanashika mbavu. Tangu siku hiyo Devotha alijibu kwa mdomo mdogo, akielekea ubavuni mwa dawati, na Yassin alikuwa na masikio mazuri. Akisikia, alisimama na kulitoa jibu kwa sauti pana iliyofika mpaka ukuta wa nyuma.

Mtu asimwone Yassin mwizi. Alichukua majibu kama alivyochukua rula na kifutio, bila kuficha, na mara nyingine alisema ahsante. Devotha naye alitoa kama alivyofundishwa kumpa mtu maji nyumbani, kwa mikono miwili.

"Mpigieni makofi ya kilo," mwalimu angesema, na watoto arobaini na wawili wangepiga matatu ya haraka na la nne zito. Tangu ile Jumanne ya mwezi wa tano, makofi hayo yalikuwa hayatoi sauti. Viganja vilikutana vizuri, hewa ilisogea, vumbi la chaki likayumba mezani, lakini hakikusikika kitu. Siku ya kwanza Mwalimu Abednego alisema, "Kwa nguvu." Wakapiga kwa nguvu mpaka viganja vikawasha. "Inatosha," akasema, akarudi kwenye sehemu na desimali. Wiki ya pili hakuna aliyekumbuka kwamba makofi huwa na sauti.

Mara moja tu yalisikika. Mwalimu aliuliza dawa gani hupulizwa kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga. Devotha hakujua habari za korosho. Kwao walijua ng'ombe. Yassin alijua, alikuwa ameshika bomba la kupulizia tangu ana miaka tisa. "Salfa," akasema, na makofi ya darasa yalilia kwa kishindo mpaka kuku waliokuwa mlangoni wakatawanyika. Yassin alikaa chini taratibu. Alitazama viganja vyake mpaka kipindi kikaisha, na siku hiyo juu ya bati la Rosalia hapakuwa na kitu saa hiyo.

Aliyeunganisha mambo hayo ni Bi Biubwa, jirani, ambaye aliuza mihogo ya kukaanga chini ya dirisha la darasa la saba. Siku moja mguu wake ulikuwa unamsumbua, hakwenda shuleni, akaja kwa Rosalia kuchukua maziwa.

"Shikamoo Bi Biubwa."

"Marahaba, mama Devotha. Chupa yangu umenijazia?"

Bati likapiga makofi. Bi Biubwa alitazama juu, kisha akatazama jua lilipofika.

"Hayo ya Yassin," akasema.

"Yassin gani?"

"Wa kwa Kondo. Saa hizi ni kipindi cha pili, anajibu. Mie kule dirishani naona mikono tu inapigwa, sauti siisikii. Nikajua masikio yangu ndo yameshachoka."

"Sisi huku tunasikia sauti, mikono hatuioni."

"Basi ndo hayo hayo," Bi Biubwa akasema, akapokea chupa yake, akaondoka akivuta mguu.

Jioni ile Rosalia alimkuta Devotha akiosha vibuyu. Alimuuliza leo nani kajibu maswali darasani. Devotha akasema Yassin. Rosalia akauliza yalikuwa majibu ya nani. Devotha alisugua kibuyu ndani kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

"Yangu," akasema.

Rosalia alifurahi na aliumia, vyote viwili kwa pamoja, na kwa kuwa hakujua aanze na kipi, alikwenda kufunga ndama. Usiku alipolala alihesabu kichwani makofi yote aliyoyasikia tangu mwezi wa tano. Yalikuwa mengi. Hakuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kupigiwa makofi mengi kiasi kile.

Mwaka huo jambo lenyewe lilikuwa na uzito wake. Kulikuwa na shule ya bweni upande wa Mkuza, Kibaha, iliyochukua mtoto mmoja kutoka kila kijiji kati ya vijiji kadhaa, bila ada, kidato cha kwanza mpaka cha nne. Shule hiyo haikutaka mwenye alama kubwa tu. Ilitaka mtoto anayeshiriki darasani, anayesimama na kujieleza, na hilo lilipimwa kwa fomu. Nje ya nafasi hiyo ilikuwepo sekondari ya kata, kilomita kumi na moja kwa miguu, na kilomita nne kati ya hizo ni msitu. Mashauri alishasema binti yake hapiti msituni peke yake mara mbili kwa siku. Asipokwenda Kibaha angebaki nyumbani kukamua na kupeleka maziwa kwa wateja, na Mashauri hakuona ubaya wa hilo. Rosalia aliuona. Yeye mwenyewe alianza kukamua akiwa na miaka kumi na mitatu na hajaacha mpaka leo.

Alivaa khanga mpya akaenda shuleni. Mwalimu Abednego alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Hakushangaa. Alikuwa amekwishaona makofi yasiyo na sauti, na alifikiri lazima sauti iwe imekwenda mahali.

"Nakuelewa, mama," alisema. "Tena sina shaka nalo. Lakini fomu naijaza kwa ninachokisikia darasani. Siwezi kuijaza kwa bati."

"Kwa hiyo bati linasema uongo?"

"Halisemi uongo. Halimo kwenye fomu."

Rosalia akamwomba amuulize Devotha maswali yeye mwenyewe, kwa jina. Mwalimu akaahidi, na kesho yake alitimiza. Alimwita Devotha kwa jina, Devotha akasimama, darasa likageuka kumtazama, wavulana wa nyuma wakaanza kugonga madawati kwa vidole kabla hajafungua mdomo. Devotha aliangalia sakafu. Mwalimu alisubiri kwa kadiri utaratibu wake ulivyoruhusu, yaani sekunde tano. Kisha akasema, "Msaidie mwenzako, Yassin." Yassin akasimama, na Devotha, kwa mazoea, akamnong'oneza. Saa hiyo hiyo bati likapiga makofi, na Rosalia kule nyumbani akadhani mambo yamekwenda vizuri.

Ofisa wa ile shule ya bweni alipangiwa kufika mwezi wa saba, Alhamisi. Jumatatu Mwalimu Abednego alianza maandalizi, kama mwalimu yeyote anayetarajia mgeni. Aliwaambia wanafunzi kwamba siku hiyo kila swali wote wanyooshe mikono. Anayejua anyooshe wa kulia, asiyejua anyooshe wa kushoto, na yeye angechagua wa kulia. Wakafanya mazoezi mpaka wa kulia na wa kushoto wakaacha kugongana. Halafu, kwa kuwa fomu ilikuwa na safu ya wasichana, alimpa msichana mmoja aitwaye Raudha jibu moja na kumwelekeza alitoe wakati gani. Raudha alikariri jibu hilo siku tatu. Mwalimu alimwambia Devotha naye aandike kwenye daftari majibu yote yanayoweza kuulizwa, ili kumsaidia mwenzake, maana siku hiyo yeye hatakuwepo darasani.

"Kwani nitakuwa wapi, mwalimu?"

"Utapika. Mgeni atakula kwa mzee Kondo. Hapa shuleni hakuna anayepika wali kama wewe."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Ubaya wa mambo mengi aliyosema Mwalimu Abednego ni kwamba yalikuwa kweli.

Alhamisi ofisa alifika kwa gari jeupe lililojaa vumbi la barabara ya Kisarawe. Aliitwa Madamu Firdausi, mwanamke wa makamo mwenye miwani na mkoba wa makaratasi. Alikaa nyuma ya darasa akafungua fomu. Mikono arobaini na mmoja ikanyooshwa kwa kila swali, ikachaguliwa ya kulia. Yassin alijibu maswali saba, akilichungulia daftari lililokuwa mapajani, na kila mara darasa likampigia makofi ya kilo ambayo hayakusikika. Madamu Firdausi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaandika: Darasa lina nidhamu ya hali ya juu, hata makofi hupigwa bila kelele.

Raudha alitoa jibu lake kwa wakati wake. Makofi yake nayo hayakusikika darasani. Yalisikika kwa mzee Kondo, juu ya chumba alichopanga Mwalimu Abednego, na Devotha, aliyekuwa anapalia wali makaa, aliinua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia makofi ya namna hiyo kwa masikio yake. Alitazama ni upande gani wa paa yanakotokea, akaelewa jibu la Raudha lilikuwa la nani, akaongeza makaa juu ya kifuniko.

Kule nyumbani Rosalia alihesabu saba. Hakuwa amewahi kusikia saba asubuhi moja. Alinawa mikono, akafunga khanga, akaenda kwa mzee Kondo, akamkuta mgeni anamalizia kuku.

"Huyu aliyepika ana mkono mzuri," Madamu Firdausi alikuwa anasema. "Ni nani?"

"Ni huyu binti," Mwalimu Abednego akasema, akimwonyesha Devotha aliyesimama na birika la kunawisha.

"Hongera sana, binti."

Devotha akapiga goti kidogo, akamnawisha. Rosalia akasalimia, akajitambulisha kuwa mama wa mpishi, akamwomba mgeni apite kwake japo dakika ishirini anywe mtindi. Mwalimu akakohoa. Mzee Kondo akasema mgeni amechoka. Madamu Firdausi akasema hajachoka, na kwamba mtindi anaupenda.

Saa nane na dakika kumi alikuwa amekaa kwenye kigoda uani kwa Rosalia, kikombe mkononi. Mwalimu Abednego alikuwa amerudi darasani na kipindi cha mchana kilikuwa kimeanza. Bati likapiga. Madamu Firdausi hakunywa mpaka kofi la nne lilipopita.

"Ya kilo," akasema.

"Ndiyo, madamu."

"Ya mtoto wako huyu aliyeninawisha?"

"Ya huyo."

Madamu Firdausi alikunywa mtindi wake kidogo kidogo. Ndama mmoja alikuja kunusa mkoba wa makaratasi, madamu akamsukuma kwa upole.

"Kwetu Soga paa lilikuwa la makuti," alisema. "Makuti hayana sauti kali kama bati. Mama alidhani ni panya, akawa anaweka sumu."

"Yakaisha lini?"

"Sijui kama yaliisha. Siku hizi ripoti naandika mimi, bosi wangu anazisoma kwenye vikao, na watu wanapiga makofi. Ila nyumba ya Soga ilishaanguka. Sijui yanakwenda wapi."

 Bati likapiga tena, na misumari ya Mashauri ikalia. Rosalia alikuwa amesubiri nafasi hiyo tangu mwezi wa tano.

"Basi mwandike, madamu," alisema. "Umesikia mwenyewe. Mwandike."

Madamu Firdausi alitoa fomu, akamsogezea. Rosalia alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Mahali pa kwanza paliuliza jina la mwanafunzi aliyesimama na kujibu. Mahali pa pili paliuliza alisimama mara ngapi. Devotha hakuwa amesimama. Alikuwa anapika.

"Kuna hapa chini," Madamu Firdausi akasema. "Maoni mengineyo."

Akaandika hapo, kwa mwandiko mzuri sana, kwamba paa la nyumba ya Mashauri, Marui, hupiga makofi kwa majibu ya mwanafunzi Devotha Mashauri, na kwamba yeye ofisa ameyasikia mara mbili kwa masikio yake akiwa na akili timamu. Akatia sahihi na tarehe. Rosalia alimpa chupa ya samli. Gari jeupe likaondoka.

Ripoti ilisomwa Kibaha mbele ya watu sita. Hakuna aliyeibishia. Mmoja wao alisema kwa shangazi yake kulikuwa na paa kama hilo, mwingine akauliza bati ni la geji gani. Kisha wakajumlisha alama, na maoni mengineyo hayakuwa na alama.

Barua ilikuja ikimtaja Yassin. Mzee Kondo mwenyewe alikwenda nyumba hadi nyumba kuwaarifu watu, na kwa Mashauri alifika na kilo mbili za sukari.

"Tumepata," alisema.

Mashauri alimpa mkono. Rosalia alichukua sukari akaiweka ndani. Alikuwa na maneno ya kusema, mengi, na alikuwa ameyapanga, lakini mzee mwenye kanzu nyeupe amesimama mlangoni kwako na sukari, na wewe ni mtu wa kuja. Akasema karibu tena. Alijichukia kwa hilo wiki nzima.

Matokeo ya mtihani wa taifa yalipotoka Devotha alifaulu vizuri kuliko wote pale shuleni, akapangiwa sekondari ya kata. Mashauri akauliza kama msitu umehama. Ulikuwa haujahama. Mwezi wa kwanza, siku moja kabla ya safari, Yassin alikuja na begi jipya mgongoni.

"Devo, nipe basi yale madaftari yako," alisema. "Kule mwanzoni wanarudia mambo ya la saba."

Alikuwa hatazami usoni. Alisema pia ahsante kabla ya kupewa. Devotha aliyatoa yote, matano, kwa mikono miwili.

Basi makofi yakaanza kutoka Kibaha. Umbali haukuyachelewesha. Darasa la kule lilikuwa na wanafunzi wengi na viganja vikubwa, hivyo kofi la nne lilikuwa linatikisa mpaka vikombe kabatini, na Mashauri akawa anakaza misumari kila Jumapili. Majirani walipanga mambo yao kwa makofi hayo. Bi Biubwa alijua saa ya kuloweka mihogo. Devotha aliyasikiliza akiwa amechuchumaa chini ya ng'ombe, paji la uso likiwa limegusa ubavu wa mnyama, na akaanza kuweza kutambua swali lilikuwa lipi. "Hiyo ni eneo la duara," angesema, bila kuacha kukamua. "Hiyo ni mipaka ya Tanzania." Rosalia alimsikia na aliona fahari, na fahari hiyo ilimla.

Mwezi wa nne makofi yalipungua. Mwezi wa tano yakaisha. Yale madaftari yalikuwa yamefika mwisho.

Wiki tatu bati lilikaa kimya. Rosalia alitikisa kibuyu akitazama juu, siagi ikawa haishikani, akamlaumu ng'ombe. Mchana aliona nyumba imekuwa kubwa. Hakuwa anajua kwamba kitu kilichomuudhi mwaka mzima ndicho kilichokuwa kinamwamsha asubuhi. Devotha naye alikamua kimya. Hapakuwa na swali la kutambua.

Ijumaa ya wiki ya tatu, baada ya swala, mzee Kondo alikuja. Safari hii alibeba mfuko wa vitabu vya kidato cha kwanza, kamusi, kalamu mbili na madaftari mapya manne. Aliviweka juu ya mkeka kimoja kimoja.

"Mjukuu wangu kanyamaza kule," alisema. "Walimu wamenipigia simu, wanauliza mtoto ana nini. Nikasema labda homa. Yeye kaniambia anachotaka ni mwandiko wa huyu binti, ameuzoea. Vitabu hivi avisome, ayajibu maswali ya mwisho wa kila sura, mie nitakuwa napeleka. Kiingereza atakipata humo humo kwenye kamusi."

Mashauri akatazama ng'ombe wake. Mzee Kondo akaaga, akasema hana haraka, hata Jumapili ataweza kuja kuchukua daftari la kwanza.

Alipokwisha kwenda, mama na binti walibaki na ule mkeka katikati yao. Rosalia alikuwa na yale maneno yake bado. Alikuwa ameyatunza tangu siku ya sukari, na sasa hapakuwa na kanzu mlangoni wala mtu wa kumwogopa. Ilikuwa kazi ndogo tu, kusema vitabu virudishwe. Devotha hakugusa kitu. Alimtazama mama yake.

"Nisiandike, mama?" aliuliza. "Ukisema nisiandike, siandiki."

Rosalia alitazama juu. Bati lilikuwa linang'aa kwa jua la alasiri, na misumari ya Mashauri ilikuwa imekaa safu kwa safu. Hapakusikika kitu.

"Andika," akasema.

Devotha aliandika Ijumaa hiyo mpaka taa ikaisha chaji, akaandika Jumamosi yote, na Jumapili mzee Kondo akaja kuchukua. Jumapili hiyo hiyo, bila kuambiwa na mtu, Mashauri alipanda juu na nyundo.

Jumatatu, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, Rosalia alikuwa kwenye kigoda chake, kibuyu mapajani, hatikisi. Makofi yakaja, matatu ya haraka na la nne zito, vikombe vikagongana kabatini. Alingoja mpaka misumari ilipotulia.

"Umejibu vizuri, mwanangu," alisema.

Devotha alikuwa amekaa kizingitini na daftari la pili. Hakuinua kichwa.

"Hilo ni jibu la tatu," alisema. "La kwanza na la pili ameyaruka, hakunisoma vizuri."

Akafungua ukurasa mpya, akaanza kuandika kwa herufi kubwa zaidi.